Trekta ya Mavani

Iliunguruma vizuri kwa dakika ishirini hivi, kisha ikakohoa mara mbili, mara tatu, ikafa. Ingekuwa haiwaki kabisa, baba yangu angelala usingizi, maana mashine isiyowaka ina sababu chache na nyingi zaonekana kwa macho. Hii iliwaka kila asubuhi kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Ilikata nyasi, ikageuka, ikarudi, ikamtia moyo. Halafu katikati ya kazi ikamwacha ameketi juu ya kiti, mikono kwenye usukani, kama abiria aliyeteremshwa njiani bila kuambiwa sababu. Akingoja robo saa, iliwaka tena. Baada ya dakika ishirini, ilikufa tena.

Ilikuwa trekta ndogo, ya zile ambazo watu wa ng'ambo hukatia nyasi mbele ya nyumba zao. Ilifika Mombasa ndani ya kontena, imebanwa katikati ya majokofu na baiskeli zilizotumika, rangi yake ya kijani imefifia na kiti chake kimepasuka. Kamati ya msikiti wetu, huku Likoni upande wa Shika Adabu, iliinunua kwenye yadi moja ya Changamwe kwa mchango wa waumini. Ilinunuliwa kwa ajili ya mavani. Ndivyo tunavyoyaita makaburi kwetu.

Mavani yetu yana ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe. Nusu moja ina makaburi, mengine ya zamani hata hakuna anayejua ya nani. Nusu ya pili ni uwanja mtupu unaotungoja sisi. Juu ya makaburi hapapitishwi mashine. Huko watu hukata kwa fyekeo na kung'oa kwa mkono, wakikanyaga kwa adabu. Lakini ule uwanja mtupu na njia pana itokayo langoni, mvua zikinyesha, nyasi zake hufika kiunoni. Mwaka mmoja mtu aliyekuwa amebeba jeneza alitumbukiza mguu kwenye shimo asiloliona, na jeneza likainama mbele ya watu wote. Halikuanguka. Ila wenye kuona hawakusahau, na mchango wa trekta ulianzia hapo.

Ufunguo alipewa baba yangu, mbele ya watu, baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa amestaafu kutoka karakana ya bandarini, alikotengeneza injini kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye amelala humo humo mavani, safu ya nne kutoka ukutani. Sijui kama kamati ilifikiri juu ya hilo ilipompa ufunguo. Najua kwamba baba aliufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni ndani ya kanzu, na kwamba kuanzia wiki ile alianza tena kuamka kabla ya alfajiri kama mtu mwenye zamu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Bombolulu, nikivuka kila mwisho wa wiki kuja kumtazama. Mashine ilipoanza kuugua nikafunga chumba changu, nikarudi nyumbani. Nilimwambia nimekuja kupumzika. Ukweli ni kwamba nilikuja kwa sababu ya masikio yake.

Alikuwa haambii mtu. Alikuwa na hila moja nzuri: katika salamu alianza yeye. Alimkuta mtu njiani akamwahi, hujambo, watoto hawajambo, nyumbani salama, mzee aendeleaje, moja baada ya nyingine, kwa sababu majibu ya maswali hayo alikuwa nayo tayari. Mtu akisema salama, yeye husema alhamdulillahi, na mazungumzo yakawa yamekwisha kwa heshima. Wakati wa sala aliujua kwa saa ya ukutani. Chai nilimwekea mezani bila kumwita. Nikisimama mbele yake nikasema polepole, alinielewa. Nikigeuka nikasema, alijibu jambo jingine kabisa, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Mafundi wa bandarini wana njia yao ya kupima injini. Huchukua bisibisi ndefu, wakaweka ncha yake kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Watu walipomwona baba amefumba macho na bisibisi kichwani, walisema, huyo ndiye fundi, aisikiliza mashine kama daktari. Mimi peke yangu nilijua kwamba mfupa ule ndio mlango wa mwisho uliokuwa haujafungwa.

Katibu wa kamati alikuja Jumamosi moja kutazama. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye duka la vitambaa, na hakuna jambo asiloweza kulitania. Trekta ilikuwa imezima katikati ya uwanja, na nyuma yake njia moja iliyokatwa vizuri, mbele yake msitu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo? Dukani kwema?"

"Kwema. Lakini mzee, mashine yako hii yalala kuliko mlinzi wa zamu!"

Baba alicheka kwa sababu katibu alicheka.

Katibu alikuwa amekuja na fundi wa pikipiki, kijana wa bara mwenye kibanda chake penye kijiwe cha bodaboda. Fundi yule aliizunguka trekta mara moja, akaigonga kwa kidole.

"Mzee, hii ni koili. Sioni ingine. Koili ikishika moto inalala, ikipoa inaamka. Nimeona kwa nduthi, hizi pikipiki zetu, mpaka nimechoka. Weka mpya, hii kitu inakimbia."

"Ati nini inakimbia?" katibu akauliza. "Wewe, hicho Kiswahili chako ndicho chataka koili mpya."

"Si umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa kwa huruma tu."

Kisha katibu akamshika baba mkono, na safari hii hakutania. Mvua zilikuwa zimeanza kupiga usiku. Watu walikuwa wakilalamika. Akasema kamati imekubaliana kungoja mpaka Ijumaa. Ikiwa mashine bado yazima, basi ufunguo apewe huyu kijana ajaribu yeye, na mzee apumzike, amefanya ya kutosha. Alisema hayo kwa upole mwingi. Baba alimtazama mdomo mpaka mwisho, akasema, "Inshallah Ijumaa." Walipoondoka aliutoa ule ufunguo ndani ya kanzu, akautazama, akaurudisha.

Desturi ya kwetu wanawake hatuhudhurii maziko. Siku nyingine si vibaya kuingia, lakini nimelelewa kukaa nje, na kwa hiyo siku zile nilikuwa nikikaa kwenye kibanda cha majembe kando ya lango, ambamo huwekwa pia jeneza la mtaa. Nilikuwa na chupa ya chai na mkeka. Toka hapo nilimwona baba akienda na kurudi.

Siku mbili baada ya katibu kuja, kulikuwa na mazishi. Kaburi lilichimbwa asubuhi na mapema, nasi tulijua maiti ataletwa baada ya adhuhuri. Lakini wafiwa walibadilisha saa. Likatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, na mtaa mzima ukasikia. Mimi nilikuwa kisimani nachota maji, nikasikia sauti bila maneno. Baba alikuwa juu ya mashine kwenye pembe ya mbali, ameipa mgongo barabara.

Nilirudi kibandani, na sikukaa hata kidogo nikaisikia tahlili ikitokea kwenye kona. La ilaha illa Llah, kwa sauti za wanaume wanaotembea haraka. Kwetu jeneza likipita kila kitu husimama. Mwenye redio huizima, mwenye pikipiki huizima, mwenye kuuza hufunika alichokuwa akipima. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, tumekuta hivyo.

Nikasimama. "Baba!" Alikuwa anageuza usukani, akaanza mstari mwingine, mgongo kwangu. "Baba! Baba!" Injini ilinimeza. Jeneza lilikuwa na kitambaa cha kijani chenye maandishi, na waliolibeba walikuwa wakipokezana mabegani. Niliziona nyuso zao zikitafuta mahali sauti ile ilipotoka. Niliita tena, mara ya nne, mara ya tano. Niliingiza mguu mmoja ndani ya lango, nikasita, na aibu ya kusita kwangu bado ninayo.

Halafu trekta ikakohoa. Mara mbili, mara tatu. Ikafa.

Wakaingia na tahlili peke yake. Baba aliteremka, akainama kwenye tangi, akafungua kifuniko akachungulia petroli kama alivyofanya kila ilipozima. Alipojiinua ndipo alipogeuka na kuwaona, watu hamsini au zaidi, wako hatua chache tu kutoka alipo. Akaikunja mikono mbele ya tumbo, akainamisha kichwa.

Baada ya kuzika, katibu alimfuata mpaka langoni, akamshika mkono kwa mikono miwili na kusema kwa sauti, ili wote wasikie: "Mzee, leo umetufunza adabu. Mwingine angesema nimalize mstari wangu kwanza. Mungu akuweke." Watu wakaitikia amin. Baba alitabasamu. Macho yake yalitoka kwenye mdomo wa katibu yakaja kwangu, yakakaa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na mlango akasimama.

"Ulikuwa waniita?"

"Ndiyo, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani kutawadha.

Tangu siku hiyo aliutafuta ugonjwa wa mashine kwa namna nyingine, bila wasiwasi na bila kupumzika. Karakana ya bandarini ilikuwa imemzoesha kutobadilisha kitu kwa kubahatisha. Alisema mtu anayebadilisha plagi, na koili, na kabureta, kwa pamoja, hata mashine ikipona hajui amefanya nini, na kesho itamuumbua. Alipima kitu kimoja kimoja, na alichokipima alikiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda, juu ya majembe.

Plagi aliitoa akanionyesha ncha yake. Ilikuwa na rangi ya biskuti. "Hii yaungua vizuri," akasema. "Ingekuwa nyeusi, tungesema inashiba kupita kiasi. Ingekuwa nyeupe, yaona njaa." Akaandika: plagi, nzima. Petroli aliimimina kwenye chupa ya kioo akaiacha usiku kucha, kuangalia kama kuna maji chini. Hayakuwapo. Kabureta aliifungua juu ya sinia la mama la kuchagulia mchele, kila kipande mahali pake, akapitisha uzi mwembamba wa waya kwenye kila tundu na kulipuliza. Kabureta, nzima. Chujio la hewa, safi. Aliirudisha yote, akawasha, tukangoja. Dakika ya ishirini na moja ikafa.

Ukutani likabaki neno moja ambalo halijaandikwa kitu mbele yake: koili. Nilidhani fundi wa pikipiki alikuwa amesema kweli, na nikaona kwamba baba naye amedhani hivyo, na kwamba imemuuma.

"Sasa njoo huku," akaniambia. "Usikae langoni leo. Nataka macho yako."

Alichotaka ni kuikamata koili, ambayo ndiyo huipa plagi cheche, pale pale inapofia. Kuipima ikiwa imepoa hakuna faida, ikipoa kila koili ni nzima. Basi akaiendesha mpaka ikakohoa, na ilipozima tu alikuwa ameshateremka na spana mkononi. Aliing'oa plagi ikiwa moto, kwa kitambaa, akairudishia waya wake, akaigusisha ubavu wake kwenye chuma cha injini.

"Zungusha ufunguo!"

Nikazungusha. Kwenye ncha ya plagi cheche iliruka, ikaruka tena, ikaruka tena.

"Yalia?"

"Yalia, baba. Tik, tik."

"Rangi?"

"Buluu."

"Si manjano?"

"Buluu kama moto wa gesi."

Alijiinua, akafuta uso, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona akicheka mwenyewe. Alitembea mpaka kibandani akaandika: koili, nzima. Akaipigia mstari chini. "Mwambie rafiki yako wa kijiweni," akasema, ingawa hakuwa rafiki yangu. Kisha akawa mzito tena, kwa sababu moto upo, na mashine yenye moto ikifa, imekosa petroli. Na tangi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Akaiwasha tena. Tulingoja tena dakika zile ishirini, yeye juu ya kiti, mimi nimesimama karibu na gurudumu, upepo wa bahari ukizilaza nyasi upande mmoja. Ilipokufa, alichomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta. Petroli ikadondoka tone moja, tone la pili, la tatu likakaa kwenye mdomo wa mpira bila kuanguka.

"Na tangi limejaa," akasema, hasemi nami.

Aliupinda ule mpira, akaukamua, akautazama ndani. Haukuziba. Kisha, kwa mazoea tu, mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha tangi, ukakizungusha.

Nilikuwa sijawahi kukaa karibu vile anapokifungua. Tangi lilivuta pumzi. Sina namna nyingine ya kusema: sauti ndefu, ya ndani, ya mtu aliyezama ambaye kichwa chake kimetokeza juu ya maji. Na hapo hapo petroli ikamiminika kutoka kwenye mpira, ikamlowesha viatu.

Baba aliitazama petroli. Akautazama mpira. Alikuwa hajui kilichobadilika. Aliuinua tena akaanza kutafuta mahali ulipokuwa umejikunja.

Kumwambia nilichokisikia ilikuwa ni kumwambia asichokisikia, na neno hilo hatukuwa tumewahi kulitamka nyumbani kwetu. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Baba. Ulipofungua kifuniko, hewa iliingia. Kwa sauti."

"Sauti gani?"

"Kama mtu aliyetoka kuzama."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Alinitazama. Nilimwona akihesabu. Mara ngapi ilizima, mara ngapi aliteremka, mara ngapi mkono wake ulikizungusha kifuniko kile kuchungulia kama petroli ipo. Kila alipokifungua hewa iliingia, na baada ya robo saa mashine iliwaka, naye akaamini kwamba ni kwa sababu imepoa. Dawa alikuwa akiipa kwa mkono wake mwenyewe bila kujua ni dawa. Mwenye masikio angejua siku ya kwanza.

Hakunitegemea mimi. Alifunga kifuniko, akairudishia mpira wake, akaiendesha tena mpaka ikafa. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi, mzee wa miaka ile, akaweka mdomo wake pembeni mwa kifuniko na kuanza kukizungusha taratibu sana. Niliisikia ile pumzi. Yeye aliihisi kwenye midomo, baridi, inaingia. Akafumba macho. Alikaa vile hata baada ya sauti kwisha.

Alikigeuza kifuniko akachokoa ndani kwa ncha ya bisibisi. Kikatoka kipande cheusi cha mpira wa tyubu, cha mviringo, kimekatwa kwa wembe. Upande mmoja umenyooka, pale wembe ulipoteleza.

"Hiki ni changu," akasema.

Alinieleza tukiwa tumeketi chini. Siku walipoitoa trekta Changamwe waliipakia kwenye pikapu, na ndani ya tangi kulikuwa na petroli. Walipofika kwenye mteremko wa kivuko, pikapu ikainama, petroli ikaanza kuvuja kwenye kifuniko. Akaogopa watazuiwa kupanda feri na gari linalonuka petroli, na foleni nzima ya magari imesimama nyuma ikipiga honi. Pale kando kulikuwa na mziba pancha. Baba akamwomba kipande cha tyubu kuukuu, akakata mviringo, akakishindilia chini ya kifuniko. Petroli haikuvuja tena. Wakavuka. Akasahau.

Kifuniko cha tangi kina tundu dogo kama la sindano, ili petroli inapotoka chini, hewa iingie juu. Yeye alikuwa ameliziba.

"Mimi ndiye niliyeikaba," akasema. "Halafu nikawa naipeleka kwa kila daktari."

Tuliwasha bila kile kipande. Nilishika saa. Dakika ishirini zikapita, ishirini na tano, thelathini. Baba alinipungia mkono kila alipogeuza. Nyasi zilianguka safu kwa safu, na harufu yake ikajaa mpaka barabarani. Saa nzima ikapita, na uwanja wote hadi ukutani ukawa wazi, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo mkubwa.

Ni hapo furaha yangu ilipogeuka. Mashine ilikuwa haizimi tena. Jeneza likija kesho, hakuna kitakachokohoa.

Nadhani naye aliliona jambo hilo mwishoni mwa safu ya mwisho, kwa sababu aliizima kwa ufunguo na hakuteremka. Alikaa juu ya kiti chake, kisogo kwangu, kwa muda mrefu.

Usiku huo nilimwambia nitakuwa nikikaa langoni. Nikisikia tahlili nitampungia kanga.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ukiolewa, nimwambie mumeo akuache langoni?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Sitaki maiti apite nami nampigia injini."

Ijumaa baada ya sala katibu alikuja, na fundi wa pikipiki nyuma yake. Katibu alikuwa anang'aa.

"Mashaallah, mzee! Jana nimeisikia tangu dukani, haikukata hata kidogo. Haya, ilikuwa koili?"

"Si koili." Baba akamwonyesha kile kipande cha mpira kwenye kiganja. "Kilikuwa chini ya kifuniko. Hewa haiingii."

"Nani mjinga alikitia?"

"Mimi."

Fundi akapiga makofi. "Aki mzee! Umetupeleka mbio na mgonjwa ni wako!"

"Nyamaza wewe," katibu akasema, akicheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi fundi kajitibu mwenyewe. Ufunguo unao, mzee wangu, endelea nao mpaka uchoke. Hakuna wa kuugusa."

Hilo ndilo baba alilolitaka. Nilimwona usoni. Alikuwa amelisoma neno lote kwenye midomo ya katibu, na angeweza kusema alhamdulillahi, na ingekuwa imekwisha.

"Ngoja," akasema. "Siku ile ya jeneza sikuizima mimi. Ilizima yenyewe. Masikio yangu yamekufa. Sikusikia tangazo, sikumsikia huyu mwanangu, na nyinyi mkisoma wote pamoja sikuwasikia. Ingekuwa haina ugonjwa, ningewapita nayo."

Katibu aliacha kucheka. Alinitazama mimi, nami nikatazama chini.

"Nilikusifu mbele ya watu," akasema.

"Ulinisifu, nikanyamaza. Hilo nalo ni langu."

Nilisubiri utani wa katibu na haukuja. Alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Mwishowe akasema, akijitahidi kuinua kichwa ili baba auone mdomo wake, "Mzee, mimi siwezi kukupandisha tena juu ya kiti kile. Utanisamehe. Nitakosa usingizi."

"Najua."

Baba aliuvua ule uzi shingoni. Ulimkwama kwenye kofia, nikamsaidia. Akampa fundi ufunguo.

"Mimi?" fundi akashtuka. "Mzee, mimi hata si Mwislamu."

"Na nyasi nazo hazijasilimu," katibu akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Nasema ukweli. Sijui nyinyi husema nini mkileta mtu. Nitajuaje?"

Baba alimwomba arudie, akarudia. Kisha baba akageuza ndoo, akaketi juu yake, akamwonyesha fundi mahali pa kukaa mbele yake. Akamweleza kwamba mara ya kwanza hatasikia maneno. Atasikia kitu kama nyuki walio ndani ya ukuta, na asidhani ni injini. Kisha atasikia nyayo, kwa sababu kwetu wabebao jeneza hutembea upesi. Asingoje maneno. Azime, ateremke, asimame upande ambao si wa njia, mikono mbele. Asianze tena mpaka wa mwisho ametoka langoni.

"Na maneno yenyewe?"

"Maneno yenyewe ni haya."

Akaanza. La ilaha illa Llah. Alianza chini mno, mpaka fundi akainama kumsogelea, kisha sauti ikapanda bila yeye kujua imepanda, ikaenda juu ya ukuta, nzito na yenye mwendo wa watu wengi. Alikuwa anaitoa mahali alipoihifadhi, kabla masikio hayajafa, na haikukosa kitu. Fundi aliinamisha kichwa. Katibu alikuwa ameanza kuitikia pamoja naye, midomo tu.

Kule barabarani bodaboda mmoja alikuwa akipita na abiria wake. Akazima pikipiki. Akateremka, abiria naye akateremka, wakasimama ukingoni mwa njia mikono mbele ya tumbo, wakitazama kushoto na kulia wasione jeneza linakotokea. Baba alikuwa amewapa mgongo. Alisoma mpaka mwisho, nao wakasimama mpaka mwisho.